Kifaa Kisichoazimika

Mungu alimpa Agripina kila kitu isipokuwa mume mwenye neno "hapana" mdomoni. Alimpa afya, alimpa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya korongo, alimpa watoto watano waliokua wakaenda zao. Kupitia serikali ya kijiji, ambayo nayo Mungu huitumia akiwa amekosa njia nyingine, alimpa ekari nne za ardhi nje kidogo ya Ihanja.

Ardhi hiyo ilikuja na wapangaji wake. Kulikuwa na vichaka vya miiba, migunga michanga minene kama kifundo cha mkono, na machipukizi yaliyobanana mpaka digidigi akitaka kupita anaingia ubavu ubavu. Sharti lilikuwa moja: miti mikubwa iachwe, vichaka na miti michanga viondoke, palimwe. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili. Mwaka wa tatu, kwenye mkutano wa Agosti, mwenyekiti wa kijiji alisimama, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akatangaza kwamba Jumatatu ya mwisho ya Novemba kamati itapita kukagua. Shamba litakalokutwa bado ni pori atapewa mwingine aliye kwenye orodha ya wanaosubiri. Kisha akaisoma orodha. Wa kwanza alikuwa Melkizedeki.

Melkizedeki ni binamu wa Amosi, mume wa Agripina, kwa hiyo kwa Agripina ni shemeji. Nyumba yake imepakana na lile pori. Ni mwanakwaya, anaimba sauti ya nne, na ni mtu mwema. Kila mtu anasema hivyo, hasa yeye mwenyewe. Tangu siku ile ya mkutano alianza kupita kila jioni kando ya pori la shemeji yake, mikono nyuma, akilipima kwa hatua, kwa huruma ileile ya mtu anayeitazama suti ambayo mwenye nayo ni mgonjwa.

Mtu wa mjini atauliza: huyo mama si achukue panga akafyeke? Mtu wa mjini hajui maisha ya panga kijijini. Panga likishaingia nyumba yenye ndugu, si mali tena, ni msafiri. Huku kwetu kumnyima ndugu kifaa ni kosa kubwa kuliko kumwibia. Mwizi husamehewa kanisani. Mnyimi husimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Panga la kwanza la Agripina liliazimwa kwenda kukata kuni za msiba. Lilirudi baada ya misiba mitatu, limeliwa mpaka likawa linafaa kumenyea viazi. Shoka nalo liliazimwa, ukarudi mpini.

"Na shoka?" aliuliza Agripina.

"Linakuja nyuma," alijibiwa, kana kwamba lilikuwa linatembea na limechoka njiani.

Sululu, kifaa cha kung'olea mizizi, halikurudi kabisa, na Agripina aliacha kuliulizia siku alipoambiwa, "Shemeji, kwani sisi tumekuwa watu wa kudaiana sululu?" Maana aliyeazima vyote hivyo alikuwa mtu mmoja. Ilikuwa ajabu namna mahitaji ya Melkizedeki yalivyofuata ratiba ya Agripina. Agripina akipanga kufyeka kesho, leo jioni Melkizedeki ana boriti za kukata. Akipanga Jumatano, Jumanne Melkizedeki ana banda la mbuzi linalomwangukia. Na huyo Melkizedeki hamwendei Agripina. Anamwendea Amosi.

"Kaka, nina shida kidogo."

"Chukua tu," husema Amosi, kabla hata shida haijatajwa.

Ndiyo maana Septemba Agripina alipopanda gari kwenda Singida mjini kuchagua kifaa, hakuwa akitafuta kile wanachotafuta watu wote. Watu hutafuta kifaa kikali, cha kudumu, kisichokula mafuta. Yeye alitafuta kifaa ambacho Melkizedeki hawezi kukiazima.

Duka la vifaa alilolifikia lilikuwa na kijana muuzaji anaitwa Deo, mwenye simu mbili na maneno ya watu wanne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka kitu cha kusafishia pori. Ekari nne, vichaka na miti michanga. Mikubwa yake ni kama hapa." Akamshika Deo kifundo cha mkono ili kusiwe na kutoelewana.

Deo akatoa mashine ya kufyekea, fimbo ndefu yenye injini upande mmoja. "Hii hapa mama, ni mnyama! Unafunga mkanda begani, unawasha, unatembea nayo mdogo mdogo kama unapiga gitaa. Kwa majani unaweka kamba ya plastiki. Kwa hiyo miti yako unaweka diski ya meno, inalala yenyewe. Halafu nyepesi! Hata mtoto anatumia."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto, mama."

"Basi siitaki. Nionyeshe iliyo ngumu."

Deo, ambaye hakuna semina yoyote ya mauzo iliyomwandaa kwa ombi hilo, alishusha msumeno wa mnyororo. "Hii chensoo. Ila sikudanganyi mama yangu, kwa vichaka haikufai. Hii ni ya gogo lililotulia. Mti mchanga unayumba, unakurudia usoni. Na mnyororo ukigusa udongo mara mbili tu, makali kwisha. Halafu ni ya hatari."

Macho ya Agripina yakang'aa. "Mtu akiiazima bila kuijua, anaweza kuumia?"

Deo alimtazama yule mama, kitenge cha kanisani, mkoba mapajani.

"Mama, una ugomvi na mtu?"

"Sina ugomvi na mtu. Nina shemeji."

Aliondoka bila kununua, akaenda kuulizia trekta. Mwenye trekta, huko Unyambwa, alimuuliza swali moja tu: visiki vipo? Vipo. Basi, akasema, trekta lake halijafiwa na mtu, haliendi kujiua kwenye visiki vya Ihanja. Ondoa visiki kwanza, kisha uite trekta lije kuondoa pori ambalo halipo. Katapila lingeweza, lakini katapila likipita linabeba na udongo mzuri wote, unabaki na uwanja wa mpira. Akawaza mbuzi. Mbuzi wanakula vichaka vizuri sana, hawahitaji petroli. Lakini mbuzi nao huazimwa: huazimwa mgeni akija, na hao hawarudi hata mpini.

Mwishowe akili ilishinda hofu. Kwa pori la namna ile, kifaa sahihi kilikuwa ile mashine ya begani yenye diski ya meno, na Agripina alijua hivyo tangu dakika ya kwanza. Akarudi kwa Deo, akainunua kwa hela ya alizeti, akafundishwa kuchanganya petroli na oili, maana injini ile hainywi petroli tupu. Akaifunga kwenye shuka, akashuka nayo Ihanja kama amebeba mgonjwa.

Siku moja. Alipata siku moja nzima. Akavaa koti la mvua la Amosi, miwani ya mwanawe wa mwisho aliyesoma ufundi, na mabuti. Mashine ikaunguruma, na migunga iliyokuwa ikimcheka kwa miaka mitatu ikaanza kulala mmoja baada ya mwingine, kama waumini wakati wa mahubiri marefu. Hadi alasiri alikuwa amesafisha nusu ekari, na alikuwa anaimba. Hapo ndipo alipokosea. Mashine yenye kelele ile inajitangaza hata bila wimbo.

Jioni alipotoka kuoga akamkuta Melkizedeki sebuleni, ana kikombe cha chai.

"Shemeji, hongera! Tumesikia kishindo. Nikasema, kumbe maendeleo yameingia kwa kaka."

"Mashine imechoka," alisema Agripina, kabla hajaulizwa.

"Masikini! Basi ikalale kwangu. Asubuhi nasafisha kinjia tu cha kwenda chooni, saa moja hivi, naileta."

Agripina akamtazama Amosi. Alimtazama kwa macho ya miaka thelathini na minne ya ndoa, macho ambayo mume mwingine angeyaona akaokoka. Amosi akatazama kikombe chake.

"Chukua tu," akasema.

Kile kinjia cha kwenda chooni kilichukua wiki saba. Pengine Melkizedeki alikuwa na choo Dodoma. Mashine iliporudi, ilikuwa katikati ya Novemba, na ilikuwa imekufa. Lakini ilikuwa imeoshwa vizuri sana, mpaka mkanda ulipigwa sabuni, kama marehemu wa heshima.

"Ilizima yenyewe, shemeji. Mimi nilikuwa hata siigusi."

"Uliiwekea nini?"

"Petroli."

"Na oili?"

"Oili ya nini? Si ina yake ndani?"

Agripina akamgeukia mumewe. "Amosi, si nilikwambia umwambie achanganye?"

"Nilitaka kumwambia," alisema Amosi kwa upole, "nikaona ataona namfundisha."

Fundi wa mjini aliifungua, akasema injini imeshikana, vipuri vitatoka Dar, labda baada ya Krismasi. Zilibaki siku kumi na mbili kamati ipite. Pori lilibaki ekari tatu na nusu, na ile nusu iliyofyekwa ilikuwa imeanza kuchipua tena kwa kejeli. Jioni hiyo Melkizedeki alionekana mpakani akiwaelekeza wanawe mahali atakapopanda alizeti na mahali atakapoweka dengu.

Siku mbili baadaye Agripina alikuwa anatoka gulioni. Mbele yake, hatua kama hamsini, alitembea Melkizedeki, baiskeli mkononi, akisalimia watu kulia na kushoto kama anagombea udiwani. Ghafla akasimama. Akaitupa baiskeli. Akaruka, mtu mzima wa miaka hamsini na tano, akazama ndani ya ua wa minyaa wa watu, kichwa kwanza, yakabaki mabuti.

Agripina akadhani ni nyuki. Kisha akaona kilichokuwa kinakuja upande wa pili wa njia: bibi mmoja mfupi, mkongojo, kanga mbili, hatua za kuku anayetafakari. Alikuwa Elizabeti, mama yake Aneth, na Aneth ndiye mke wa Melkizedeki.

Kwa wenye heshima zao huku, mama mkwe ni kama waya wa umeme ulioanguka barabarani: ukiuona kwa mbali unazunguka. Hupiti naye njia moja, humtazami usoni, huombi kitu chake, hugusi alichokishika. Mengine yote ya zamani tumeyaacha. Mahari siku hizi inatumwa kwa simu na ujumbe wa kuthibitisha unaingia. Lakini mkwe bado ni mkwe, na Melkizedeki, kwa kuwa ni mtu mwema, alilishika hilo kuliko wote. Kuna na la pili. Mkwe akionekana ameshika jembe au panga, mwanamume aliyeoa kwake anatakiwa kazi hiyo aitoe mikononi mwake siku ileile, kwa nguvu zake au za watoto wake. Asipofanya hivyo, ukoo mzima unajua amemwoa binti wa watu bure.

Agripina alisimama palepale njiani. Akayatazama mabuti kwenye minyaa. Akamtazama bibi. Wanaosimulia wanasema alitabasamu mpaka muuza dagaa aliyekuwa jirani akaogopa.

Kesho yake alfajiri alikuwa kijiji cha pili, nyumbani kwa Elizabeti, na kilo mbili za sukari na dumu dogo la asali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuazima."

"Kuazima nini? Mimi nina kinu na mkongojo tu."

"Kukuazima wewe, mama."

Elizabeti, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa hajaazimwa tangu enzi za ngoma. Akavuta kigoda karibu. Agripina akamweleza yote: panga, shoka, sululu, mashine, kinjia cha chooni. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyu mkwe wangu, tangu anaoa nilimwona. Alikuja na ng'ombe wa mahari mmoja amemwazima." Akafikiri kidogo. "Sasa mimi nitafanya nini huko porini? Mgongo huu haufyeki."

"Ukae tu, mama. Kigoda nakuletea, kivuli kipo, uji utakunywa. Ila panga liwe mkononi."

"Nikae tu?"

"Ukisikia watu wanapita, ukate kidogo. Uonekane."

"Mwanangu," alisema Elizabeti, akinyanyuka kutafuta kanga yake nzuri, "ungekuja mapema."

Jumatano saa moja asubuhi Elizabeti aliwekwa chini ya mgunga mkubwa, mpakani kabisa, ameelekea mlango wa Melkizedeki. Mkononi alishika panga lake mwenyewe, la miaka mingi, zima kabisa. Panga la mama mkwe haliazimwi, ndiyo maana lilikuwa na urefu wake wote. Kila mpita njia alipokaribia, bibi alikipiga kichipukizi kilicho mbele yake pigo moja, akaguna "Eee Mungu wangu," akapumzika. Kichipukizi kile kilikuwa kinene kama kalamu. Kilidumu mpaka saa tano.

Haikuhitaji muda zaidi.

"Yule si mama yake Aneth?"

"Ndiye. Anafyeka pori."

"La nani? Kwani mkwe wake amefariki?"

"Yuko ndani, anakunywa chai."

"Ama kweli!"

Mtu akapiga picha. Picha ikaingia kwenye kundi la ukoo la wasapu, lenye watu mia moja na arobaini, wakiwemo wajomba watatu walioko Arusha ambao hawana kazi nyingine. Saa sita Aneth alikuja mbio, kilemba mkononi.

"Mama! Unatuaibisha!"

"Nafanya mazoezi," alisema Elizabeti. "Zahanati walisema nisikae tu."

"Nipe hilo panga!"

"Wewe ni mwanangu, hukuoa kwangu. Kafunge kilemba."

Melkizedeki alitoka kwa mlango wa nyuma. Hakuweza kumkaribia mkwe, hakuweza kumwomba panga, hakuweza hata kuingia pori aliloliota mwaka mzima, maana aliyekaa pale mpakani alikuwa mkwe huyohuyo. Akajificha nyuma ya kichuguu hatua mia moja hivi, akampigia kelele Amosi, ambaye alikuwa ameletwa pale kubeba uji.

"Kaka! Mwambie mama aache!"

"Mama," alisema Amosi, "anasema uache."

"Mwambie simsikii, masikio yamezeeka."

"Kaka, anasema hakusikii!"

"Mwambie nitatuma watoto keshokutwa!"

Bibi akalinyanyua panga kwa mikono miwili, akalishusha, akaguna mguno uliosikika mpaka barabara ya lami. Malori yalikuwa yanapita.

"Kesho!" kilipiga kelele kichuguu. "Kesho alfajiri!"

Alfajiri walikuja: vijana wanne wa Melkizedeki, mtu mmoja wa kukodi na mashine yake ya begani, na ng'ombe wawili wa kuvuta visiki kwa mnyororo. Agripina alilitambua shoka lake mikononi mwa kijana wa pili, na sululu kwa wa tatu. Vifaa vyake vilikuwa vimefika kazini, vimechelewa miaka miwili tu. Mashine ikatangulia kulaza miti michanga, mapanga yakafuata matawi, sululu likang'oa mizizi ya karibu, ng'ombe wakavuta ile iliyokataa. Kila walipolegea, Elizabeti alijifanya anatafuta panga lake, na kasi ikarudi. Jumamosi mkubwa wa wale vijana alijaribu kusema kwamba wamebakiza kona moja tu, bibi apumzike nyumbani. Bibi akainuka, akaenda kukaa kwenye ile kona.

Siku ya ukaguzi kamati ilikuta ekari nne nyeupe, migunga mikubwa sita imesimama na nafasi yake, na miiba imerundikwa kuwa ua. Mwenyekiti alizunguka mara mbili akitafuta kosa la kiserikali, akakosa. Kanuni ilitaka wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri awepo, ashuhudie.

"Melkizedeki yupo?"

"Nipo!" kilijibu kichuguu.

Mtendaji wa kijiji akafungua fomu. "Ukubwa, ekari nne. Hali, limesafishwa. Hapa wanataka kifaa kilichotumika: panga na shoka, mashine, trekta, au kingine."

"Kingine," alisema Agripina.

"Kitaje."

"Mama mkwe."

Kalamu ikasimama. Mtendaji akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama Elizabeti kwenye kigoda chake, panga magotini, kisha akatazama kule kwenye kichuguu. "Andika alivyosema," akasema.

"Kifaa ni cha kwako au umeazima?"

"Nimeazima," alisema Agripina. "Na leo jioni nakirudisha."

"Hali ya kifaa?"

"Meno hayapo," alijibu Elizabeti mwenyewe, "lakini kinakata."

Mtendaji akaandika "nzuri", akaiweka fomu juu ya mgongo wa Amosi aliyeinama bila kuombwa, akagonga muhuri juu ya jina la Agripina.